Sponji, Mlango au Ukuta wa Pili: Ulinganisho wa Njia za Kuzuia Sauti katika Chumba cha Kurekodia

Chumba nitakachokitumia kuwa mfano tangu mwanzo hadi mwisho ni cha kawaida kabisa katika mitaa ya Dar es Salaam. Upana wake ni mita 3, urefu mita 3.6, na kimo mita 2.7 kutoka sakafuni hadi darini. Kuta ni za matofali ya saruji ya inchi 6 yaliyopigwa lipu pande zote mbili, dari ni ya jipsamu, paa ni la bati, dirisha ni moja la alumini lenye vioo vya kusukuma, mita 1.2 kila upande, na mlango ni mmoja, unaofungukia sebuleni. Nje kuna bodaboda, jirani mwenye jenereta, na watoto wanaotoka shule saa nane mchana. Mwenye chumba anataka kurekodi sauti za watu: kaswida, kwaya ya watu wachache, matangazo ya redio, mashairi ya kughani, na bongo fleva ambayo biti zake zimekwishatengenezwa ndani ya kompyuta. Mara mojamoja atarekodi gitaa. Ngoma pia anazitamani, nazo nitazifikia.

Mtu huyu akiuliza mtaani ataambiwa abandike sponji. Akiuliza kwa fundi wa jipsamu ataambiwa ajenge ukuta wa pili. Akitazama picha za studio kubwa ataona chumba kizima kilichojengwa ndani ya chumba kingine. Njia zote hizo zipo na zote zinafanya kazi fulani, ila kazi hizo hazifanani, na ndiyo maana watu wengi hutumia fedha zao kwa ugonjwa ambao si wao.

Anayesema "nataka kuziba sauti" huwa na moja kati ya haja mbili. Haja ya kwanza ni sauti ya nje isiingie na ya ndani isitoke. Haja ya pili ni sauti isirukeruke ndani ya chumba, yaani maiki isinase mwangwi wa kuta pamoja na sauti ya mwimbaji. Ya kwanza hutimizwa na uzito, kuzibwa kwa mianya, na kutenganishwa kwa mwili mmoja wa jengo na mwingine. Ya pili hutimizwa na vitu laini vyenye vinyweleo, ambavyo mawimbi ya sauti huingia na kupotezea nguvu zake humo. Kitu kinachofaa kwa haja ya pili kwa kawaida ni chepesi na kinapitisha hewa, na kwa sababu hiyohiyo hakifai kwa haja ya kwanza. Nikilinganisha njia hizi nitataja kila mara ni haja ipi ninayoizungumzia.

Sponji na trei za mayai

Nianze na sponji kwa sababu ndiyo inayonunuliwa kwanza. Sponji yenye unene wa sentimita 5 na uzito wa kilo 25 kwa mita ya ujazo inaongeza kilo 1.25 tu kwa kila mita ya mraba ya ukuta. Ukuta wenyewe wa matofali ya inchi 6 pamoja na lipu una karibu kilo 300 kwa mita hiyohiyo ya mraba. Ukuta mmoja unapoongezwa uzito mara mbili, kinga yake hupanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 5 au 6. Kilo moja na robo juu ya kilo mia tatu haiongezi hata sehemu ya kumi ya desibeli moja. Trei za mayai ni nyepesi zaidi, na karatasi yake ni nyembamba kiasi kwamba kinachoguswa ni sehemu ndogo tu ya sauti za juu.

Haki itendeke, hata hivyo: chumba kilichovishwa vitu laini huwa na kelele pungufu ndani, kwa kuwa mwangwi hauziongezi nguvu, na jirani anaweza kupata nafuu kidogo kwa upande wa sauti nyembamba. Besi itampitia vilevile. Wimbi la hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 3.5, na tabaka la sentimita 5 kwake ni kama pazia mbele ya lori.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa sponji hawalitaji. Mwaka 2003, katika mji wa West Warwick nchini Marekani, ukumbi wa muziki uitwao The Station uliungua baada ya fataki za jukwaani kuwasha sponji iliyokuwa imebandikwa ukutani ili kuzuia kelele, na watu 100 walifariki. Januari 2013, klabu ya Kiss katika mji wa Santa Maria nchini Brazili iliungua kwa namna ileile, moto ukianzia kwenye sponji ya darini, na waliofariki walikuwa 242. Moshi wa sponji ya kawaida ya godoro una sumu inayomwangusha mtu kabla moto haujamfikia. Chumba cha kurekodia kina nyaya nyingi, mlango mmoja, na pengine dirisha lililozibwa. Kukivisha sponji isiyo na dawa ya kuzuia moto, au trei za karatasi, kutoka sakafuni hadi darini ni jambo ambalo binafsi silikubali hata kama limefanywa kwa miaka mingi bila ajali.

Mianya, dirisha na mlango

Njia ya pili haina mvuto wa macho, na pengine ndiyo sababu huachwa mwisho. Tuuchukue ukuta wa mfano wetu wenye dirisha. Una urefu wa mita 3.6 na kimo cha mita 2.7, yaani karibu mita za mraba 9.7, na dirisha linachukua mita za mraba 1.44. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu vizuri hukata desibeli 45 hadi 50, tuseme 47. Dirisha la vioo vya kusukuma, ambalo kwa umbile lake haliwezi kukaza pande zote, hukata karibu 20. Ukipiga hesabu ya vyote viwili kwa pamoja, ukuta huo unabaki na kinga ya desibeli 28 tu. Sasa jenga ukuta wa pili mbele ya sehemu ya tofali ufikie 60, lakini dirisha uliache kama lilivyo: jibu linabaki 28. Dirisha likizibwa kwa matofali yasiyozidi 15, lipu ikapigwa ndani na nje, ukuta mzima unarudi 47. Tofauti ya desibeli 10 sikio hulihesabu kuwa kelele imepungua kwa nusu, kwa hiyo hapa imeshuka hadi karibu robo, kwa kazi ya fundi mmoja ndani ya siku moja.

Mlango una hesabu yake. Chukua mlango wenye upana wa sentimita 90 na kimo cha mita 2, wenye mwanya wa sentimita moja chini yake. Mwanya huo ni nusu ya asilimia moja ya eneo la mlango, na kwa mwanya huo peke yake kinga haiwezi kuzidi desibeli 23, hata mlango ungekuwa wa chuma cha hazina. Ndiyo maana anayebadilisha mlango wa ubao mtupu kwa mlango wa mninga, bila kuweka kizingiti na mpira wa kubana, hurudi akilalamika kwamba mninga hauna lolote. Mlango mzito unaokaa juu ya mpira pande zote nne hufikia desibeli 30 hivi. Ukitaka zaidi, milango miwili ya kawaida iliyoachana kwa unene wa ukuta, mmoja ukifungukia ndani na mwingine nje, huushinda mlango mmoja wa gharama kubwa.

Mianya mingine inahitaji kutafutwa. Nyumba nyingi zetu, hasa zile za zamani, zina matofali yenye matundu ya hewa juu ya dirisha, na matundu hayo hayana tofauti na dirisha lililo wazi. Kuna tundu la waya wa antena, tundu la bomba la kiyoyozi, na swichi mbili zilizochimbwa mgongo kwa mgongo katika ukuta mmoja. Jaribio ninalolipenda ni la usiku: weka taa kali ndani ya chumba, zima taa zote za nje, kisha zunguka. Panapopenya mwanga, sauti inapenya, ingawa pasipopenya mwanga si lazima pawe salama.

Mwanya mkubwa kuliko yote, hata hivyo, mara nyingi uko juu, na taa haiuonyeshi. Katika nyumba nyingi za bati, kuta za kugawa vyumba huishia usawa wa dari, na juu yake kuna uwazi mmoja unaotambaa nyumba nzima. Sauti hupanda kupitia dari ya chumba kimoja, ikatembea chini ya bati, ikashuka katika chumba kingine. Jipsamu ya milimita 9 ina kilo 6 au 7 kwa mita ya mraba, na bati la geji 28 halifiki kilo 5. Linganisha na zile kilo 300 za ukuta. Anayeishi chini ya paa la bati na kuhangaika na kuta kabla ya dari anafunga mlango wa mbele huku wa uani uko wazi. Dawa ni kupandisha ukuta kwa matofali hadi ukaribie bati, kuziba kwa saruji sehemu iliyobaki, na kuongeza uzito darini. Nyumba yenye sakafu ya zege juu yake imekwishamaliza tatizo hili bila kutumia senti, na kama una hiari ya kuchagua chumba, chagua cha chini ya zege kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Mvua nayo ina nafasi yake katika hesabu hii. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na wakati wa vuli, bati likipigwa hugeuka kuwa ngoma, na dari ya kawaida haina uwezo wa kuizuia. Studio ndogo nyingi husimamisha kazi tu. Kama unarekodi kwa ajili yako mwenyewe, kusimama kwa saa moja ni bei nafuu kuliko dari mpya. Kama unawatoza watu kwa saa, hesabu inabadilika.

Ukuta wa pili

Hapa ndipo fedha nyingi huingia, na hapa ndipo kosa dogo huharibu kazi kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Faida ya ukuta wa pili inatokana na kutenganishwa. Sauti inapougonga ukuta wa kwanza huutetemesha, na ukuta wa pili usiogusana nao hupokea mtetemo uliobaki kupitia hewa tu, ambayo hufanya kazi kama springi kati ya mizigo miwili. Springi hiyo ina masafa yake, yaani kasi ya mtetemo, ambapo mizigo hucheza pamoja, na katika masafa hayo kinga hushuka badala ya kupanda. Sasa tazama fundi anavyofanya mara nyingi: hupigilia papi za sentimita 2.5 moja kwa moja kwenye tofali, kisha hufunika kwa jipsamu moja ya milimita 9. Kwa uzito na nafasi hiyo, masafa hayo yanaangukia karibu hezi 150, katikati ya sauti nzito ya mwanamume, ambayo msingi wake huwa kati ya hezi 85 na 180. Yaani mtu amelipa ili sauti ile aliyotaka kuizuia ipite kwa urahisi zaidi kuliko kabla hajaleta fundi.

Ukuta wa pili uliojengwa vizuri ni tofauti kabisa. Fremu ya mbao za mbili kwa nne au ya chuma husimama peke yake, ikishika sakafu na sehemu ya juu bila kugusa tofali popote. Nafasi ya sentimita 10 hujazwa pamba ya mwamba, ile inayouzwa kwa ajili ya kuzuia joto kwenye mapaa na mabomba. Mbele yake hufungwa jipsamu mbili za milimita 12.5, viungo vya tabaka la pili vikipishana na vya tabaka la kwanza, na kingo zote huzibwa kwa silikoni inayobaki laini. Uzito unafikia kilo 17 hivi kwa mita ya mraba, masafa ya springi yanashuka chini ya hezi 50, na ukuta wa desibeli 47 hufikia karibu 60. Kati ya fremu ile ya papi na hii, tofauti ya vifaa si kubwa sana. Kinachotofautiana sana ni matokeo.

Niliwahi kusimamia ukuta wa namna hii katika nyumba ya ndugu yangu. Fremu ilisimama vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili nilichelewa, na nilipofika nilikuta fundi, kwa nia njema kabisa, ameona fremu inayumba na ameiimarisha kwa vipande sita vya mbao vilivyopigiliwa kutoka kwenye fremu hadi kwenye tofali. Kwa ukuta wa kawaida angestahili sifa. Kwa ukuta huu, kila kipande kilikuwa daraja la sauti, na tulivitoa vyote. Tangu hapo huwa namweleza fundi kabla hajashika nyundo kwamba ukuta huu unatakiwa usiujue ukuta mwingine.

Ukuta mmoja wa pili unafaa pale adui anapojulikana anatokea upande gani: jirani wa jenereta, au chumba cha watoto. Hauwezi kumsaidia anayesumbuliwa na pande zote, kwa sababu sauti husafiri pia ndani ya kuta za pembeni na kuzunguka.

Chumba ndani ya chumba

Anayetaka kinga ya kila upande atalazimika kujenga kuta nne na dari yake, vyote vikisimama juu ya sakafu bila kugusa jengo la nje. Hii ndiyo njia ya studio za kibiashara, na hakuna inayoishinda. Gharama yake ya kwanza ni nafasi. Kila ukuta hula sentimita 15 hadi 20, dari nayo hivyohivyo, na chumba chetu cha mita 3 kwa 3.6 kwa 2.7 hubaki takriban mita 2.65 kwa 3.25 kwa 2.5. Ujazo umepungua kwa robo nzima. Gharama ya pili ni uzito: jipsamu mbili kwenye dari peke yake ni karibu kilo 150, ambazo mbao za dari ya zamani hazikuwekwa kuzibeba, hivyo dari mpya lazima ilale juu ya kuta mpya. Kwa jumla unaingiza kilo 700 au zaidi. Sakafu iliyomwagwa juu ya ardhi haitajali, lakini katika ghorofa mhandisi aulizwe kwanza.

Gharama ya tatu ni nafasi ya makosa. Dirisha likizibwa, ukuta ukakosewa kidogo, bado umepata kitu. Chumba ndani ya chumba kilichogusana na jengo mahali pamoja, kwa bomba la kiyoyozi au kwa fremu ya mlango, hupoteza sehemu kubwa ya kile ulicholipia. Kwa sababu hiyo naona njia hii ni ya mwenye jengo lake, mwenye wateja tayari, na mwenye haja ya kupiga ngoma au besi usiku. Ngoma za kupigwa hupita desibeli 100 ndani ya chumba kidogo, na mtetemo wake huingia sakafuni moja kwa moja. Kwa ukuta wa 47, jirani atabaki na zaidi ya 50 usiku ambao mtaa wenyewe uko chini ya 40. Hapo ndipo sheria inapoingia pia: Tanzania ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, na Kenya inazo za mwaka 2009. Kwa mwenye chumba chetu, ambaye ngoma atazirekodi mara mbili kwa mwaka, ni busara zaidi kukodi ukumbi mkubwa asubuhi ya Jumapili isiyo na ibada jirani. Ngoma husikika vizuri zaidi ukumbini kuliko katika chumba cha mita 3.

Kibanda kidogo cha mwimbaji, kile cha mita 1.2 kwa 1.2 kilichojengwa kwa mbao pembeni ya chumba, kiko katikati ya njia hizi na mara nyingi hubeba ubaya wa zote. Kuta zinazotazamana kwa umbali huo huvimbisha masafa ya karibu hezi 145, na sauti ya mwanamume hutoka kana kwamba anaimba ndani ya ndoo. Ni chepesi, kwa hiyo kinga yake ni ndogo. Na mwimbaji hawezi kukaa humo dakika kumi bila kutokwa jasho.

Hewa

Jasho ni suala la kulinganisha kwa uzito uleule wa desibeli, na vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi hulipita haraka. Chumba kilichozibwa vizuri ni chumba kisichopumua. Mtu aliyeketi hutoa lita 18 hadi 20 za hewa ya ukaa kwa saa. Watu watatu katika chumba chetu cha mita za ujazo 29 huongeza kiasi cha asilimia 0.2 kila saa, mara kadhaa ya kilichopo nje, na baada ya saa moja wanaanza kupiga miayo na kulaumu biti. Wengi huamini kiyoyozi kinaingiza hewa mpya. Hakiingizi; kile cha ukutani kinapooza hewa ileile na kuizungusha.

Mwenye kuziba mianya tu anaweza kuishi kwa kufungua mlango kila baada ya nusu saa na kuzima kiyoyozi wakati maiki iko wazi, na hasara yake ni muda. Mwenye chumba ndani ya chumba hana hiari: lazima ajenge njia ya hewa ya kuingia na nyingine ya kutoka, kila moja ikiwa sanduku refu la mbao nene lililopindapinda ndani na kuvishwa pamba ya mwamba, na feni ya mwendo wa polepole mwishoni. Sauti hugonga kona na kufa; hewa hupita. Asiyeiweka gharama hii katika bajeti ya mwanzo huishia kutoboa ukuta aliokwisha kuumaliza.

Sasa mwangwi

Hadi hapa nimesema juu ya haja ya kwanza. Haja ya pili ni nafuu zaidi, na kwa sauti za watu ndiyo inayosikika haraka zaidi katika rekodi. Wallace Sabine, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alianza mwaka 1895 kuhamisha mito ya viti usiku hadi ukumbi wa mihadhara uliokuwa na mwangwi mbaya, akipima kila mara sauti inachukua muda gani kufifia, na kanuni aliyoipata ndiyo tunayoitumia hadi leo. Kwa kanuni hiyo, chumba chetu kikiwa kitupu, kuta za lipu na sakafu ya saruji au marumaru, kina mwangwi unaokaribia sekunde 2.8. Kwa sauti ya kurekodi tunataka sekunde 0.3 au pungufu. Ili kufika hapo kinahitajika kifyonzaji kizuri chenye eneo la mita za mraba 15 hivi, kati ya mita 57 za nyuso zote za chumba. Si lazima, basi, kufunika kila kitu.

Kati ya vifyonzaji, chaguo langu ni pamba ya mwamba yenye unene wa sentimita 10, ndani ya fremu ya mbao, ikiachwa nafasi ya sentimita 5 au 10 nyuma yake na kufunikwa kitambaa. Haishiki moto, na hufyonza hadi sauti nzito ambazo sponji nyembamba haizigusi. Sponji ya sentimita 2.5 iliyobandikwa kila mahali hula sauti za juu na kuziacha za chini zikivuma, na matokeo ni rekodi butu yenye mgurumo. Kitambaa chochote cha pamba kinafaa, hata kanga, mradi ukikiweka mdomoni na kupuliza pumzi ipite bila shida. Pamba hiyo huwasha ngozi na koo wakati wa kuikata, kwa hiyo vaa barakoa na glavu. Sufi, ile ya mti wa msufi, hufyonza vizuri pia na hupatikana kwa urahisi kwetu, lakini hushika moto upesi mno. Kabati lililofunguliwa likiwa limejaa nguo, mwimbaji akilipa mgongo, ni kifyonzaji ambacho hakijamgharimu mtu kitu.

Uwekaji wake nao unahesabika. Weka nyuma ya mwimbaji kwanza, kwa sababu maiki nyingi husikia mbele na hivyo hunasa ukuta ulio nyuma ya mwimbaji, kisha darini juu ya kichwa, kisha kwenye pembe. Kama bado hujachagua chumba, epuka kile chenye upana, urefu na kimo vinavyolingana: chumba cha mita 3 kila upande huvimbisha hezi 58 mara tatu, na hakuna pamba ya unene wa kawaida itakayoituliza.

Nani achague nini

Kwa mwenye chumba chetu, anayerekodi sauti za watu mchana, ningetumia fedha zote za mwanzo kwa kuziba dirisha, mlango mzito wenye mpira, kupandisha kuta hadi batini, na fremu nane za pamba ya mwamba zenye sentimita 60 kwa 120, ambazo hutoa karibu mita za mraba 6. Mita zinazobaki zitatokana na zulia nene, pazia zito lenye mikunjo, kochi na miili ya watu wenyewe. Maiki ya dainamiki iliyowekwa karibu na mdomo itafanya mengine, kwa kuwa maiki ya kondensa husikia hadi kuku wa jirani. Ukuta wa pili ningeungoja hadi jirani wa jenereta athibitishe kwamba hahami.

Mtangazaji au msomaji wa vitabu vya sauti, anayefanya kazi peke yake, hahitaji hata hayo yote. Kabati la nguo, mpira wa mlango na saa kumi na moja alfajiri vinamtosha. Mwenye bendi na jengo lake mwenyewe aende moja kwa moja kwenye chumba ndani ya chumba, kwa sababu kupitia hatua za kati kutamfanya alipe mara mbili: ukuta wa pili aliojenga leo utabomolewa kesho.

Aliyebaki ni mpangaji, na pengine ndiye aliye wengi. Hawezi kuziba dirisha kwa tofali bila mwenye nyumba, wala kupandisha ukuta. Atengeneze kizibo: mbao mbili za MDF za milimita 18 zilizogundishwa pamoja, zikikatwa kwa kipimo cha tundu la dirisha, zikizungushiwa mpira na kubanwa kwa komeo nne. Kinatoka ndani ya dakika mbili anapotaka hewa au njia ya kukimbilia, na siku akihama anakibeba. Fremu za pamba nazo zitundikwe kwa misumari miwili miwili badala ya gundi, maana gundi ya sponji hubandua rangi na lipu, na amana ya mwezi mmoja mara nyingi huishia hapo.